Bungua na mhindi: kiwavi mwenyeji kwenye mmea mgeni

Kwenye jani changa la mhindi kuna alama ambayo kila mkulima wa huku kwetu Mbozi, Tanzania, ameiona, awe ameulizia chanzo chake au la. Ni vitundu vidogo vilivyojipanga mstari mmoja, vimekata jani kwa upana, kana kwamba mtu amepitisha sindano ya cherehani. Hakuna mdudu aliyepima nafasi zile. Jani lilipokuwa bado limejisokota katikati ya mmea, kiwavi mchanga alitoboa mara moja tu, akapenya mikunjo yote. Jani lilipokuja kufunguka, tundu moja likaonekana safu nzima.

Mwenye alama hiyo ni bungua, mtoto wa nondo wa kahawia ambaye kisayansi anaitwa Busseola fusca. Nondo mwenyewe humwoni kirahisi: mchana anajificha, usiku ndiyo kazi yake, na rangi yake haiachani sana na ya bua kavu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na nyumbani nina shamba la mahindi, kwa hiyo nakutana naye darasani na shambani. Kwa miaka sasa nimekuwa nikimsoma, nikipasua mabua, nikimfuga kwenye ndoo, na kadiri ninavyomjua ndivyo ninavyoona kwamba habari yake tumezoea kuisimulia kwa kuanzia mwisho.

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye ameanza kulima kabla mimi sijazaliwa, aliniuliza tukiwa tumesimama kwenye mpaka wa mashamba yetu, "Mwalimu, huyu mdudu katoka wapi kuja kutuharibia mahindi?"

"Hajatoka popote, mama. Ni wa hapahapa. Yaliyotoka mbali ni mahindi."

Alicheka akidhani natania. Sikuwa natania. Asili ya mahindi ni Mexico, ambako wakulima wa kale, yapata miaka 9,000 iliyopita, walianza kulibadilisha jani la porini liitwalo teosinte kwa kuchagua mbegu msimu baada ya msimu. Afrika yalifika na meli za Wareno karne ya 16, na huku bara yamekuwa chakula kikuu katika miaka mia moja na kidogo tu iliyopita. Bungua huyu, kwa upande wake, ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Kabla ya mahindi alikuwa na mtama, zao la Afrika, pamoja na jamaa za mtama wa porini. Claude Fuller, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Natal, alipomwandika kisayansi mwaka 1901, bungua alikuwa tayari anajulikana kwa kuharibu mahindi. Sayansi ilimkuta ameshahamia kwenye mmea mpya.

Kuhama huko si jambo dogo. Viwavi wengi wa nondo hawali kila jani. Kila mmea una sumu zake, ugumu wake, vinyweleo vyake na utomvu wake, na kiwavi aliyezoea mmea mmoja akiwekwa kwenye mwingine mara nyingi hagusi kabisa. Au anakula lakini hakui, au anakua kwa kusuasua akafa kabla hajawa pupa, ile hatua ya kutulia ambamo kiwavi anageuka nondo. Ndiyo maana mimea mingi ya kigeni hukaa muda mrefu bila kusumbuliwa sana na wadudu wa mahali ilipofikia. Mhindi haukupata bahati hiyo, na sababu ni undugu: mtama na mhindi ni nyasi za ukoo mmoja, maumbo yao yanafanana, na mashina yao mazito yana utamu ndani. Kwa bungua, mlango wa nyumba mpya ulikuwa umejengwa kama wa zamani.

Tena nyumba mpya ilikuwa na ulinzi wa aina nyingine. Wafugaji wanajua kwamba mtama mchanga unaua ng'ombe. Ndani ya majani yake kuna durini, kemikali inayotoa sianidi jani linapotafunwa. Kiwavi aliyeishi na mtama vizazi na vizazi amezoea kuishi na hatari hiyo. Mhindi hauna durini. Una kemikali zake nyingine, ambazo zina nguvu mche ukiwa mdogo na kupungua unavyokua.

Lakini tusimtazame kiwavi peke yake, kwa sababu kwenye maisha ya nondo uamuzi mkubwa anaufanya mama. Usiku, akishapandwa, jike huruka akifuata harufu ya mimea. Akitua kwenye shina hakimbilii kutaga. Hulipapasa kwa ncha ya tumbo huku antena zikiligusagusa, na ni kwa kupapasa huko anaamua kama hapa panafaa. Sehemu laini isiyo na vinyweleo inamvutia zaidi, na yenye manyoya humkatisha tamaa. Akiridhika, anachomeka mayai katikati ya shina na ala, ile sehemu ya jani inayolikumbatia shina, makumi kwa makumi, yamelala safu, pasipoonekana na wewe wala na ndege. Mhindi wa wiki chache, wenye ala iliyoachia kidogo tu, ni kama umetengenezewa mama huyu.

Baada ya wiki moja hivi mayai huanguliwa. Viwavi wadogo hupanda juu, wakaingia katikati ya mmea pale majani machanga yanapochomoza, na hapo ndipo ile safu ya vitundu inapotengenezwa. Wengine hushuka na uzi wa hariri, upepo ukawabeba hadi mhindi wa jirani, na wengi wanapotelea njiani. Aliyesalia anakula majani siku kadhaa, kisha anaingia shinani. Akikata kitovu cha mmea mchanga, jani la katikati hunyauka. Ukilivuta linachomoka mkononi likiwa limeoza chini, na mhindi huo hautabeba kitu. Akiingia kwenye mmea uliokwisha kurefuka, anachimba handaki, anasukuma nje kinyesi cha unga wa kahawia, na anajivua ngozi mara kadhaa. Kwenye mhindi mzuri maisha yake ya kiwavi huchukua kama wiki 4 hadi 7, akafikia urefu wa sentimita 4. Kabla ya kugeuka pupa anatoboa tundu la kutokea, kwa sababu nondo hana meno ya kutoboa bua. Maandalizi hayo anayafanya kiwavi kwa ajili ya mwili ambao bado hajaupata. Kila nikiwaonyesha wanafunzi tundu lile darasa linanyamaza.

Ndoo zangu ni za kawaida, zimefunikwa kwa neti. Naweka vipande vya bua la mhindi kwenye moja, vya mtama kwenye nyingine, na vya nyasi mbalimbali kwenye zilizobaki, nikibadilisha chakula kabla hakijachacha. Sidai kwamba huo ni utafiti. Ila kwa macho ya kawaida tofauti inaonekana mapema. Kwenye mhindi viwavi wananenepa, ngozi inang'aa, na kinyesi kinajaa chini ya ndoo. Kwenye mtama nao wanakwenda. Kwenye nyasi nyembamba za kando ya njia wanatangatanga ukutani, wanauma kidogo, wanaacha, wanauma tena, na baada ya siku chache wamenywea.

Hilo la nyasi lina historia inayonigusa, kwa sababu limewagharimu wakulima jasho. Kwa muda mrefu ilishauriwa kufyeka na kuchoma nyasi zote zinazozunguka shamba, kwa hoja kwamba ndiko bungua wanakolelewa. Kisha watafiti wa ICIPE, kituo cha wadudu chenye makao Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, pamoja na wenzao kutoka Ufaransa, wakaanza kupasua mashina ya nyasi za porini katika nchi za Afrika Mashariki, eneo baada ya eneo. Walikuta ulimwengu mzima wa nondo wanaotoboa mashina, wengi wakiwa hawajawahi kuandikwa kisayansi, na wengi wao wamejifunga kwenye mmea mmoja au michache. Busseola fusca walimkuta huko kwa nadra sana. Makazi yake makuu leo ni mashamba yetu. Nyasi za kando tulizozilaumu zilikuwa na viwavi, ndiyo, lakini viwavi wa nondo wengine kabisa, ambao hawana habari na mahindi.

Kwa nini nyasi zinamshinda? Shina jembamba halimtoshi kiwavi wa sentimita 4. Na nyasi nyingi za porini zimejaa silika, madini yaleyale ya mchanga, ambayo mmea huyaweka kwenye majani na maganda ya shina. Kiwavi mchanga anayetafuna jani la namna hiyo anachakaza taya zake na kupata chakula kidogo. Mhindi, baada ya maelfu ya miaka ya kuchaguliwa na mkono wa binadamu ili uwe mkubwa, laini na mtamu, ulifika Afrika ukiwa umelainishwa. Kisha sisi tukaupanda ekari kwa ekari pasipo mmea mwingine katikati. Mdudu ambaye zamani alilazimika kutafuta mtama wa hapa na pale akaandaliwa meza ya upeo wa macho.

Kuna jani moja ambalo mama bungua analipenda na watoto wake wanafia hapo. Ni mabingobingo, wengine huita majani ya tembo, Wakenya husema nepia, yale tunayowakatia ng'ombe. Ni jani la Afrika. Linapoingia giza, saa ile nondo wanapoanza kutafuta pa kutaga, mabingobingo hutoa harufu kwa wingi mno kuliko mchana, na nondo jike hulifuata hata kama mahindi yapo jirani. Anataga. Mayai yanaanguliwa. Kiwavi mchanga anapoanza kuchimba shina, mmea unatoa utomvu unaonata, unamgandisha, na wengi wao hawafiki popote. Kwenye ndoo yangu ya mabingobingo nimewakuta wamekwama mdomoni mwa tundu walilokuwa wanaanza kulichimba. Mama alisoma harufu na umbo, vikamwambia ndiyo, na mwili wa mtoto ukakuta hapana.

Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo ambao huku kwetu tunauita sukuma-vuta. Zeyaur Khan na wenzake wa ICIPE katika kituo cha Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, wakishirikiana na John Pickett wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, waliyapanga hayo yote shambani miaka ya 1990. Kuzunguka shamba unapanda mabingobingo, yavute nondo. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, jamii ya mikunde iliyotoka Amerika, ambayo harufu yake inawafukuza. Desmodiamu ikaleta na zawadi ambayo haikutarajiwa: mizizi yake inazuia kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka chini ya udongo. Na vyote viwili, mabingobingo na desmodiamu, ni malisho. Mimi naona huu ni mmoja wa ugunduzi mzuri kabisa uliowahi kufanyika kwenye ardhi ya Afrika Mashariki, na inaniuma kwamba wanafunzi wangu wanamaliza kidato cha nne bila kukutana nao kwenye kitabu.

Bungua alipohamia mmea mpya, maadui zake walilazimika kumtafuta upya. Adui mkubwa ni nyigu mdogo mweusi, Cotesia sesamiae, mwenye urefu wa milimita chache. Anaingia kwenye handaki la bungua, anamdunga, anamtagia mayai mwilini. Watoto wa nyigu wanamla kiwavi kutoka ndani, kisha wanatoka na kusuka vifuko vyeupe vilivyoshikana juu ya mzoga. Nyigu huyu huyu, ukimtoa Mombasa pwani, mayai yake yanashindwa ndani ya bungua: seli za damu ya kiwavi zinayazingira na kuyaua. Ukimtoa Kitale kwenye nyanda za juu, mayai yanakua vizuri. Siri iko kwenye virusi ambavyo nyigu jike huvidunga pamoja na mayai ili kulemaza kinga ya kiwavi, na virusi vya nyigu wa Kitale vinaiweza kinga ya bungua. Pwani bungua wa aina nyingine ndio waliozagaa. Nyigu wa kule hakuwa na haja ya kuufungua mlango huu.

Bungua si peke yake aliyehama. Eldana, nondo wa kwenye mafunjo na jamii za ndago za kandokando ya maji Afrika, alihamia miwa, mmea uliotoka New Guinea na Asia, na alianza kuwa mzigo kwa wakulima wa miwa wa Afrika Kusini mwaka 1939. Kwenye mafunjo ana nyigu na nzi wanaomfuata. Kwenye miwa wengi wa maadui hao hawaonekani.

Pwani mambo yaligeuka upande wa pili, mdudu mgeni kwenye mmea mgeni. Chilo partellus, bungua wa madoadoa kutoka Asia, alionekana Malawi mwaka 1930, akasambaa Afrika Mashariki, akatawala tambarare za joto. Alimbana ndugu yake mwenyeji wa pwani ya Kenya, Chilo orichalcociliellus, hadi akapungua sana mashambani. Lakini hakummaliza, na sababu ni nyasi. Mwenyeji anaweza kukua hadi mwisho kwenye mabingobingo na kwenye majani ya gini, ambako mgeni anashindwa. Kwenye mahindi wanashindania shina moja, ila mwenyeji ana pa kurudi. Mwaka 1993 ICIPE walileta kutoka Pakistan nyigu aliyekuwa adui wa Chilo huko kwao, Cotesia flavipes, wakamwachia pwani ya Kenya, akashika.

Mhindi wenyewe nao haukukaa kimya. Mwaka 2011 watafiti wa ICIPE na Rothamsted walionyesha kwamba baadhi ya mbegu za asili kutoka Amerika ya Kusini na Visiwa vya Karibi, nondo wa Chilo akitaga tu mayai kwenye jani, kabla kiwavi hajauma hata mara moja, zinatoa harufu inayowaita nyigu wa mayai na nyigu wa viwavi. Baadaye wakakuta uwezo huohuo kwenye mbegu za wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya, kama Nyamula na Jowi. Mbegu chotara ya dukani waliyoilinganisha nazo haikuita. Mmea wa Mexico, ukatagiwa na nondo wa Asia, ukamwita nyigu wa Afrika. Nikilifikiria hilo nawaza vibuyu vya mbegu vilivyoning'inia juu ya moshi jikoni kwa bibi zetu, ambavyo tumeviacha mmoja baada ya mwingine kwa sababu mbegu ya dukani inazaa zaidi mwaka wenye mvua nzuri. Inazaa, sikatai, nami naipanda. Lakini ningependa anayezalisha mbegu aulize na hili: je, ukitagiwa mayai, unaita?

Mavuno yakiisha, bungua hajaisha. Kiwavi wa mwisho wa msimu anashuka chini ya bua, anapauka, anaacha kula, na analala humo kiangazi chote, miezi 6 au zaidi. Mvua za kwanza zikilowesha bua anaamka, anakuwa pupa, na wiki chache baadaye nondo wanatoka wakati mahindi mapya yako kwenye urefu wanaoutaka. Ndiyo maana naomba mabua yasiachwe yamesimama shambani. Ng'ombe wayale, au yakatwe na kulazwa juani kwa wiki kadhaa. Joto la jua linaua wengi waliolala ndani. Kuyachoma kunaua pia, ila kunakunyang'anya mbolea na malisho kwa mpigo.

Afrika Kusini ilikwenda njia nyingine. Tangu mwaka 1998 wakulima wa huko wamepanda mahindi yaliyotiwa jeni la bakteria, yanayotengeneza sumu ya viwavi ndani ya majani yenyewe. Kwa bungua huo ulikuwa mmea mpya kwa mara ya pili. Mwaka 2007 ikachapishwa taarifa ya kwanza kwamba wapo bungua wanaokua na kumaliza maisha yao ndani ya mahindi hayo. Miaka chini ya 10 ilitosha.

Na sasa amefika kiwavi mwingine ambaye kwake mhindi si mgeni hata kidogo. Kiwavijeshi vamizi ni wa Amerika, mdudu wa zamani wa mahindi, na mwaka 2016 alionekana Afrika Magharibi. Mwaka uliofuata alikuwa Kenya na Tanzania. Karne 5 baada ya mhindi kuvuka bahari, mlaji wake wa nyumbani ameufuata. Anakula haraka, anakaa palepale katikati ya majani machanga ambapo bungua mchanga anaanzia, na anawauma viwavi wenzake hadi kuwaua. Watafiti wa Afrika Mashariki wameanza kuchunguza kama anamsukuma bungua atoke kwenye mahindi na kurudi kwenye mtama. Kwa sababu hiyo msimu huu nimepanda mistari ya mtama kando ya mahindi yangu, na ninapasua mabua ya pande zote mbili nikiwa na daftari. Jirani yangu naye ameanza kuniletea ya kwake, ameyafunga mafungu mawili na kamba za rangi tofauti ili nisiyachanganye.